Nusu ya Mkate wa Pasi

Itetemia, Tabora
Jumamosi, 6 Machi 1954

Kwa shangazi yangu Leonia,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kitubioni, na nikianza kwa habari za mvua na karanga nitaogopa tena, kama nilivyoogopa katika barua nne nilizozichana. Aliyechemsha maziwa ya Madoa ni mimi.

Sasa naweza kukuuliza hali. U mzima huko Lusu? Mjomba wako na watu wa nyumba yake hawajambo? Sisi hapa ni wazima. Baba alipita na treni ya mizigo wiki jana, akakaa kwa saa moja tu. Bibi anakohoa kidogo asubuhi. Mvua ni nzuri.

Nitakueleza yote kwa mpangilio. Unakumbuka Jumanne ile ya Januari mlipokwenda kupalilia karanga, nami nikabaki nikisingizia kichwa? Kichwa hakikuniuma. Nilikuwa na ukurasa wa gazeti la Kizungu, uliofungia chumvi kutoka duka la Mwanamkuu. Nilikuwa nimeuficha ndani ya atlasi. Ukurasa huo ulieleza jinsi ya kutengeneza chakula cha mchana nyumbani, cha bei ndogo, kwa dakika kumi: vipande viwili vya mkate, jibini katikati, siagi nje, kisha kubanika mpaka jibini iyeyuke. Palikuwa na picha ya mtoto akiuma mkate, na jibini inavutika kutoka mdomoni mwake kama kamba.

Shangazi, nimesoma habari za jibini katika vitabu vitatu. Panya anaila, mchungaji anaila, hata mfungwa mmoja anaila gerezani. Naweza kuliandika neno hilo kwa Kiingereza bila kosa, lakini sikujua ladha yake. Jambo hilo lilinikera kila niliposoma.

Mkate nilikuwa nao, nusu ya mkate wa jana niliopewa na mwoka mikate wa mjini kwa kumsomea barua zake. Jibini sikuwa nayo. Mwalimu Justus alitueleza darasani kwamba jibini ni maziwa yaliyowekwa motoni na kitu kichachu. Nilijua maziwa ya kopo yamo sandukuni mwa Bibi na ufunguo uko shingoni mwake. Nilijua pia kwamba katika nyumba yetu maziwa ya ng'ombe wetu hayapandi moto, kiwele chake kisije kikaugua, na kwamba hata kwenye chai tunayamimina kikombeni, birika likiwa limeshaepuliwa. Nilijua. Nilijiambia kwamba siagi inapanda moto kuwa samli na hakuna anayesema neno, kwa hiyo na maziwa yanaweza.

Nikachota kwenye kibuyu. Nikayachemsha katika sufuria ndogo, nikakamulia malimau mawili, yakakatika. Nikayachuja kwa kitambaa nikayakandamiza chini ya jiwe la kusagia. Kikaango kikubwa mlikwenda nacho shambani, basi nikapasha moto jiwe bapa, nikaweka mkate uliopakwa samli juu yake ndani ya jani la mgomba, lililokuwa limepasuka, na juu ya jani nikaweka pasi ya mkaa. Ukurasa ulisema joto litoke chini na juu.

Jibini haikuvutika. Ilibaki punje punje kama pumba. Nilikula nusu nikiwa nimesimama, nikisikiliza mlango. Nusu ya pili nilikupa jioni, nikakwambia nimepewa na Mzungu mmoja wa shuleni. Ukala, ukasema si mbaya.

Siku ya tano kiwele cha Madoa kikavimba. Yaliyofuata unayajua. Bibi alinusa sufuria zote moja moja, akafika kwenye ile ndogo. Akakuuliza, ukanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kitabu mkononi. Ulipofunga mzigo wako kwenda Lusu nilikubebea hadi kwenye basi, na njia nzima nilikueleza habari za mito ya Amerika.

Mwalimu Justus nilimwuliza kwa mbali, bila kutaja nyumba. Alisema kiwele kuvimba ni uchafu ulioingia kwenye chuchu, moto hauhusiki. Huenda ni kweli. Lakini aliyefungishwa mzigo ni wewe.

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Modest


Itetemia
Jumapili, 28 Machi 1954

Kwa shangazi Leonia,

Shikamoo tena. Wiki tatu sasa na sijapata jibu. Kila siku nikitoka shule napita posta, ingawa najua barua za huko huja Jumatatu na Alhamisi tu. Karani ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Nadhani umekasirika, na ni haki yako. Darasani nafungua kitabu nafunga. Juzi niligeuza kurasa kumi na nne na sikumbuki hata mstari mmoja.

Madoa amepona upande mmoja. Anatoa kikombe na nusu.

Jana alikuja mgeni kutoka huko, Shomari yule anayenunua ngozi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Bibi alimpa kigoda, akaendelea kumenya karanga. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango.

"Mama Kashindye," Shomari akasema, "leo sikuja kwa ngozi. Nimetumwa na mzee Mahona wa Lusu. Kijana wake Masolwa amemwona binti yako kanisani, amempenda, na nyumba imekubali. Limebaki neno moja dogo."

"Dogo lisingekuleta hapa na matope yote hayo."

"Watu wanasema binti alifukuzwa kwa sababu ya maziwa."

"Hakufukuzwa. Nilimpeleka kwa mjomba wake."

"Kwa sababu ya maziwa?"

Bibi alimenya karanga tatu au nne. "Sufuria ilinuka. Nilimwuliza, akanyamaza. Mahona ana ng'ombe wangapi?"

"Arobaini na kitu."

"Basi ana haki ya kuuliza. Nami sitampamba binti yangu kwa uongo ili aolewe."

"Lakini mama, sisi watu wa mjini maziwa tunayachemsha na iliki juu, na ng'ombe wanakamuliwa tu."

"Ndiyo maana wewe unafanya biashara ya ngozi," Bibi akasema.

Shomari akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema mzee Mahona atakuja mwenyewe baada ya Pasaka, alisikie neno hilo kinywani mwa Bibi, kisha aamue. Akaongeza kwamba Masolwa anamsihi baba yake kila siku, lakini mama yake Masolwa ndiye mwenye vibuyu vya maziwa vya nyumba ile na hataki kusikia.

Shangazi, sikujua habari za Masolwa. Niliinuka. Nilifika mlangoni kabisa. Bibi akaniona akasema, "Msalimie mgeni." Nikasema shikamoo, nikarudi ndani.

Tangu jana najiuliza kwa nini miguu yangu ilirudi. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Modest


Lusu, Nzega
Ijumaa, 9 Aprili 1954

Modest mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya pili. Mimi sijambo, ila mikono imeota sugu kwa kutwanga. Mjomba anawasalimu wote. Mwambie mama asikae nje asubuhi na kikohozi hicho, avae lile sweta alilopewa na kaka.

Barua zako nimezipata zote mbili siku moja. Ile ya kwanza katekista anayetuletea barua aliisahau ndani ya kitabu chake cha ubatizo. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nimenuna. Naandika kwa penseli kwa kuwa kalamu ya mjomba imekauka, na shule niliachia darasa la nne, hivyo usinisahihishe.

Umeniandikia kurasa nyingi kunieleza jambo ninalolijua tangu Januari. Kesho yake baada ya kunipa ule mkate wa Mzungu wako, niliwasha pasi ninyooshe khanga ya mama ya kanisani, ile nyeupe yenye maua ya bluu. Pasi ikaacha alama ya mafuta, pembe nne, na upande mmoja umelika kidogo. Nikainusa. Nikaukumbuka mkate wako ulivyokuwa umekatwa vibaya upande mmoja. Mama nilimwambia mafuta ya nywele yamedondoka, akanigombeza hadi jioni, nawe ulikuwapo ukisoma.

Mama hakuniuliza kama nimechemsha maziwa. Ungesikiliza badala ya kutetemeka ungesikia. Aliniuliza, "Leonia, umeonja maziwa yaliyopanda moto?" Nami nilikuwa nimeonja. Nilikula nusu nzima na nikalamba kidole. Ningesema sijaonja, ningedanganya. Ningesema nimeonja, swali la pili lingekuwa nani alinipa. Unajua anavyosema juu ya darasa la nane, kwamba ni kuharibu macho tu na kwamba babu yake alibeba pembe kwa njia ya misafara hadi pwani na kurudi bila kujua kusoma. Angekutoa shuleni siku ile ile na kukuleta hapa Lusu kuchunga. Kwa hiyo nilinyamaza, na sikujutia.

Habari za Masolwa. Ni mrefu, anacheka kwa pua, na akipita na baiskeli anapiga kengele hata kama njia ni tupu. Zaidi ya hapo sikuandikii, utayaweka ndani ya atlasi. Mama yake nimekwenda kumsaidia kutwanga mara mbili. Wasichana wengine wakimaliza wanapewa maziwa kwenye kibuyu. Mimi nilipewa chai ya rangi, mara zote mbili, kwa heshima kabisa, kwenye kikombe cha wageni. Niliinywa. Mwanamke asiyeshikishwa kibuyu nyumba ile hawezi kuolewa nyumba ile, hilo kila mtu hapa analijua. Na mzee Mahona akishasema hapana, hapana hiyo haigeuki.

Hata hivyo nakuambia: kaa kimya. Mtihani wako ni Novemba. Masolwa akinipenda kweli atamsihi baba yake mpaka Novemba, na asiponipenda basi. Wewe usitie mguu.

Na jambo moja lilinishinda nikacheka peke yangu kinuni. Ukurasa wako ulifungia chumvi, na jibini yako haikuwa na chumvi hata chembe.

Shangazi yako,
Leonia


Itetemia
Jumatano, 28 Aprili 1954

Kwa shangazi Leonia,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua hii haikuja kwa katekista, na aliyekupa mkononi unamwona. Sikukutii. Isome kwanza ndipo ugombe.

Wiki nzima ya Pasaka sikutulia. Nilitembea hadi stesheni na kurudi bila kazi. Nilijaribu kukutii, nikihesabu miezi kwa vidole mpaka Novemba, na kila nilipofika Juni nilikiona kile kikombe cha wageni.

Mzee Mahona alifika Jumamosi saa nne, amevaa koti na ameshika mkate mzima wa mjini kama zawadi. Wakaketi. Walipokuwa bado wanaulizana habari za mifugo nikatoka na kusema, "Bibi, maziwa nilichemsha mimi." Sikusalimia hata.

Bibi hakushtuka. Alimgeukia mzee Mahona akasema, "Unamsikia? Anampenda sana shangazi yake."

"Naona," mzee Mahona akasema. "Mtoto mzuri."

"Ni kweli," nikasema. "Nilitengeneza jibini."

"Nini?"

"Jibini. Chakula cha Wazungu."

"Modest," Bibi akasema, "wewe ukikoroga uji unatoka mabonge. Mwaka juzi ulichoma viazi ndani ya maji. Ukakae."

Hili sikulitazamia. Miezi mitatu nilikuwa naogopa adhabu, na sikuwaza hata mara moja kwamba sitasadikiwa. Mzee Mahona alikuwa tayari ameanza kuuliza habari zako, na kwa sauti yake nilijua neno linalofuata. Basi nikasema, "Nipe kopo moja la maziwa, Bibi. Nitafanya mbele yenu."

Bibi akanitazama. "La kopo?"

"La kopo."

"Ng'ombe wa kopo hana kiwele," mzee Mahona akasema. "Mpe tuone."

Bibi akavua ufunguo shingoni. Nikawasha moto uani, nao wakageuza vigoda wakatazama. Nikimimina nikamwaga kidogo. Nilipokamua limau na maziwa yakakatika, sasa kila hatua niliijua. Nikachuja. Nikatia chumvi. Nikakandamiza kwa jiwe la kusagia. Nikakata mkate wa mzee Mahona, nikapaka samli, nikaufunga kwenye jani la mgomba na kuuweka juu ya jiwe la moto. Kisha nikachukua pasi, nikaijaza mkaa, nikaiweka juu.

"Pasi?" mzee Mahona akasema.

 Bibi aliinuka akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akarudi na khanga yake ya kanisani, ile nyeupe ya maua ya bluu, akaitandaza magotini. Nilipoufungua mkate aliuchukua ukiwa wa moto vile vile na kuuweka kando ya ile alama. Pembe nne kwa pembe nne. Hata upande uliolika ulikuwa ule ule, kwa sababu bado sijui kukata mkate.

 Watu watano hivi walipita na baiskeli barabarani wakimsalimia Bibi, hakuwaitikia.

Mzee Mahona akamega, akatafuna, akatafuna tena. "Hiki ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

"Na kwa hiki ulifanya kazi yote hii? Kuchemsha, kuchuja, jiwe, jani, pasi?"

"Ndiyo, mzee."

Akamgeukia Bibi. "Mama Kashindye, hii siyo kazi ya msichana mwenye akili. Hii ni kazi ya msomi."

Bibi hakucheka. Akaniuliza, "Na shangazi yako alionja?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Nikasema ulikula nusu, kwamba nilikudanganya ni chakula cha shuleni, na kwamba ulipojua ulikuwa umeshakula. Nikasema ulipoulizwa kama umeonja ulinyamaza ili nisitolewe shule.

Mzee Mahona alifuta vidole vyake kwa jani. "Mtoto akikupa chakula mkononi utakikataa?" akamwuliza Bibi.

"Hapana."

"Aliulizwa kama ameonja, akakataa kudanganya. Na hakumtaja mtoto." Akainama akachukua nusu iliyobaki, akaifunga vizuri katika jani jipya na kuitia mfukoni mwa koti. "Hii nampelekea mama Masolwa. Bila kuiona hatanisadiki." Kisha akasema maneno mengine yote atayasikia Bibi akifika Lusu. Akaaga.

Bibi hakuniambia kitu siku mbili. Jumatatu jioni akasema, "Mpaka mtihani, wewe chai yako ni ya rangi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na shule unakwenda. Msichana amelala ugenini miezi mitatu kwa ajili ya shule hiyo, halafu mimi nikutoe?" Kisha akasema Alhamisi anakwenda Lusu kwa basi la asubuhi, nikuandikie barua aibebe. Nilimwuliza nikwambie nini kwa niaba yake. Alifikiri, akasema, "Mwambie nakuja."

Niliyoyafanya baada ya hapo ni haya. Jana alfajiri nilimkamua Madoa, vikombe viwili, nikayamimina kibuyuni yakiwa na joto lake mwenyewe na kukitundika mahali pake. Pasi niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa. Ule ukurasa niliutoa kwenye atlasi, nikampa Bibi afungie chumvi ya safari. Leo nimeifua ile khanga mara tatu kwa sabuni ya mche, nikaianika, nikainyoosha. Maua yametakata, alama haikutoka. Nilimwambia Bibi nitaifua tena, au asafiri na ile nyekundu. Akasema hapana, anakwenda na hii, na atashuka nayo kwenye basi mbele ya watu wa Lusu. Kwa hiyo nimeikunja, alama ikiwa juu, nikaiweka kikapuni.

Mwanao,
Modest